Samaki wa Msikiti wa Chundwa

Kila nikikanyaga kanisani naulizwa swali lilelile: Mama Mghoi, ulipotelea wapi, na ni kweli ulikwenda Lamu kuvua samaki? Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu akiondoka na kipande chake na kukitia chumvi. Juzi nimesikia eti nilikamatwa. Basi naandika yote mara moja, wanakwaya wenzangu, na atakayeniuliza tena nitajua hakusoma.

Nyote mnamjua Baba Mghoi. Wasichokijua wengi ni kwamba kabla hatujaoana alikuwa mwalimu kule Chundwa, kisiwa cha Pate, na huko ndiko alikoanza huu wazimu wake wa samaki. Ni visamaki vidogo, urefu wa kidole changu cha mwisho. Dume lina mwili wa buluu na mkia mwekundu, jike ni la rangi ya udongo tu. Wanaishi kwenye dimbwi la maji ya mvua. Dimbwi likikauka wanakufa wote, mayai yanabaki topeni, mvua ikirudi yanaanguliwa. Yeye anasema hawapatikani popote duniani ila kwenye dimbwi moja la Chundwa na mengine mawili jirani yake. Mimi ni fundi cherehani, sina la kubishana naye. Ninachojua ni kwamba matangi ya vioo yamejaa sebuleni kwangu tangu niolewe.

Alipovunjika mguu akalazwa, maji ya bomba yalikuja yakiwa na dawa nyingi, na samaki wote wakafa. Hata lile tope lenye mayai alilokuwa amehifadhi liliota ukungu. Aliporudi nyumbani akawa anakaa tu mbele ya matangi matupu. Daktari alimtaka afanye mazoezi ya kutembea, yeye akasema kesho. Kila siku kesho. Chakula akawa anakigusagusa tu. Siku moja akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi, kwamba yeye na wale samaki wamemaliza safari pamoja. Hapo nikaogopa. Nimewahi kumwona baba yangu akijiachia hivyo, na hakukaa sana.

Basi nikasema nitakwenda Chundwa mwenyewe nimletee samaki. Mghoi alikuja kukaa na baba yake, nami nikafunga safari.

Mombasa hadi Mokowe

Baba Mghoi alinipa sanduku lake la kubebea samaki, lile la plastiki jeupe la kutunzia barafu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kulibeba begani. Hatujatoka stendi watu watatu wameshaniuliza ninauza aiskrimu ya ladha gani. Mama mmoja aliyekaa kiti cha mbele yangu hakuamini nilipomwambia mna wavu na mifuko tu. Alinuna hadi Malindi, akidhani namnyima mtoto wake.

Njia ile ina vizuizi vya askari na kila mara abiria mnashuka, mnapanga foleni na vitambulisho mkononi, mnapanda tena. Silalamiki, ni kwa usalama wetu, lakini magoti yangu yalilalamika. Pale Minjila tulisimama kungoja msafara wa kusindikizwa na askari, nikanywa chai na viazi karai vyenye ukwaju, nikaona mambo si mabaya. Yule mama aliyeninunia akanijia mwenyewe, akaniuliza kama nina jamaa mgonjwa, maana nilikuwa nimekaa kama mtu wa matanga. Nikamwambia habari za Baba Mghoi. Alininunulia chai ya pili. Kuanzia hapo mwanawe akalala kwenye bega langu hadi Mokowe.

Mokowe hadi Amu

Mokowe ndipo nchi inapokwisha. Nilishuka vumbi tupu, nikapandishwa boti ya injini, nikavishwa koti la kuokolea lililonibana kifuani nisiweze hata kuimba, na kabla sijamaliza kusali tumeshafika Amu, ndiyo Lamu mjini.

Gatini alikuwa ananingoja Bwana Athmani. Huyu ni mtu wa Chundwa, anafanya kazi ya boti za wageni kule Ras Kitau, na mkewe Bi Rukia ndiye angekuwa mwenyeji wangu. Kijana wa Mwalimu Mwakio, ndivyo alivyojiita, ingawa ana mvi kunishinda, kwa sababu Baba Mghoi alimfundisha darasa la tano. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza habari za Mwalimu, za mguu, za watoto, za Taita, za mvua ya Taita, kisha akaanza upya na Mwalimu. Nami niliyezoea Mombasa, ambako mtu anakusalimu huku anakupita, nikabaki kujibu tu.

Nilitaka tuendelee palepale. Akacheka kidogo. Akanieleza kwamba boti ya Pate inapita kwenye mkono wa bahari wenye maji haba, na bila maji kujaa itakwama kwenye mikoko. Nilidhani bahari ni bahari, kumbe nayo ina saa zake za kufungua. Tukala mkate wa mofa na samaki wa kukaanga kwenye kibanda cha nyuma ya soko, nikalala kwa dada yake, na kesho yake tukangoja tena hadi maji yakajaa, yeye akabaki Amu kwa kazi yake nami nikapanda boti.

Amu hadi Chundwa

Boti ilijaa magunia ya unga, mabati, kreti za soda, kabati la nguo lenye kioo, na sisi. Kusi lilikuwa linavuma. Baada ya kutoka kwenye mikoko tulipigwa na mawimbi hadi nikamtapikia bwana mmoja kwenye kanzu. Nilitaka kufa kwa aibu. Yeye alinawa kwa maji ya bahari, akaniambia pole mara nyingi kana kwamba yeye ndiye aliyenichafua mimi, akanipa ndimu ninuse. Mungu ambariki popote alipo.

Tuliteremka Mtangawanda, bandari ya Pate, nikapanda pikipiki hadi Chundwa, sanduku langu likiwa kwenye mapaja ya abiria aliyekuja nyuma na pikipiki nyingine.

Chundwa

Bi Rukia alinipokea kwa chai ya tangawizi na kaimati, na udi ukifuka chumbani. Ni mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na nyumba yake ilikuwa safi hata nikaogopa kukaa. Baada ya chai akanionyesha pa kuoga. Mle chooni mna giza, na pembeni kuna birika, ile ya kujengwa ukutani kwa chokaa, imejaa maji, na kata ya kifuu ya kuchotea. Nikachovya kata. Kitu kikanipapasa mkono. Nikachovya tena, kikapapatika ndani ya kata.

Jamani, nilitoka mle na leso tu. Nikamwambia Bi Rukia kwa adabu zote nilizonazo kwamba naomba maji ya kisimani kwenye ndoo, hayo ya birikani hapana. Aliniangalia kidogo, akasema haya. Akaniletea ndoo. Jioni akaniletea ndoo. Asubuhi akaniletea ndoo. Nikajiona mgeni mwema, sijamsumbua sana.

Asubuhi ile tukaenda dimbwini. Nilikuwa nimelichora akilini kwa miaka yote ya ndoa yangu: majani, matope, ng'ombe wanakunywa, samaki wa buluu. Nikakuta bwawa kubwa lenye kingo za udongo mpya. Trekta limelichimba baada ya mvua za masika ili mifugo ipate maji mwaka mzima, na wakatiwa perege ili watu wapate kitoweo. Kwa watu wa pale ni baraka, na siwezi kuwalaumu, hata mimi ningeshangilia. Ila perege alivyo, kisamaki kidogo kwake ni chakula. Nilipitisha wavu hadi mikono ikafa ganzi. Nilipata watoto wa perege na vyura. Madimbwi mengine mawili yalikuwa yamefunikwa na udongo uliotolewa kwenye lile la kwanza.

Nikakaa kwenye tuta nikalia. Sikujali Bi Rukia ananiona. Sikuwa nalilia samaki, nilikuwa nalilia mtu aliyekaa sebuleni kwangu akitazama kioo.

Simu inashika vizuri karibu na ukuta wa shule. Nikampigia. Aliniuliza nimefika dimbwini, nikasema ndiyo. Akauliza maji yakoje, nikasema ni mengi. Sikuweza kwenda mbali zaidi ya hapo. Akasema, "Usipopata rudi tu, Mama. Hata mimi nilishakubali." Niliposikia hilo neno, kukubali, nikaona heri angenigombeza.

Nilirudi nyumbani nimelowa matope hadi magotini. Bi Rukia alikuwa ameshaniwekea ndoo yangu mlangoni. Safari hii hakuondoka.

"Mke wa Mwalimu," akasema, "nikuulize. Mayi yetu yana kasoro gani? Mayi haya ndiyo tutawadhia, ndiyo tuoga, na wageni wote wameoga. Weye tangu uye hutaki kuyagusa."

Nikaona nimemuumiza mwenzangu tangu jana bila kujua. Nikamwomba radhi, nikamwambia ukweli, kwamba mle ndani mna mdudu, ananitisha.

Yule mama mwenye maneno machache alicheka hadi akashika ukuta. Akaniambia si mdudu, ni samaki. Kila birika ya Pate ina samaki wake wa kula viluwiluwi vya mbu, vinginevyo watu wangeumwa homa mwaka mzima. Hao wake aliwachota mwenyewe mvua zilipoanza, kabla ya trekta.

Nikamuuliza aliwachota wapi.

"Pale pale dimbwini," akasema. "Kwani wapi tena kuna mayi?"

Niliwasha tochi ya simu nikaingia chooni na matope yangu. Nikamulika. Wakapita chini ya mwanga mmoja baada ya mwingine, buluu, na mkia mwekundu. Nilikuwa nikiwakimbia tangu nifike, na Bi Rukia alidhani natafuta samaki wa kitoweo. Nikakaa chini kwenye sakafu ile iliyolowa, nikacheka na kulia pamoja, na Bi Rukia akanishikilia kichwa kama mtoto.

Nikakimbia hadi ukuta wa shule. Baba Mghoi aliposikia hakusema aleluya wala nini. Aliuliza, "Wa kike wapo?" Lakini sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa ile sauti yake ya zamani ya kunisumbua.

Hawakuwapo. Bi Rukia alipochota alichagua wale wanaopendeza, wajukuu wafurahi, na wale wa rangi ya udongo akawarudisha dimbwini. Tuliuliza nyumba za jirani, ni yaleyale: kila mtu alichagua wenye rangi. Kijiji kizima kimejaa madume. Mahali pekee ambapo hakuna aliyechagua, akasema Bi Rukia, ni msikitini, kwa sababu muadhini alimwaga ndoo nzima bila kutazama.

Tukamwendea muadhini, Bwana Shee, mtu mpole mwenye kofia ya kushona kwa mkono, mshono ambao kama fundi niliutazama mno hadi akaona haya. Naye alifundishwa na Mwalimu Mwakio. Nikajua basi, mambo yamekwisha. Hayakwisha. Alinisikiliza nje, pembeni mwa ukuta, akaguna.

"Bi, lau wangekuwa wangu ningekupa wote na ndoo juu," akasema. "Lakini nilipowatia birikani niliwatia kwa nia ya msikiti. Ni wakfu. Sina ruhusa ya kumpa mtu mali ya msikiti, hata awe ni Mwalimu."

Nilitaka kubisha. Ni visamaki vya kidole, niliwaza, hata paka hashibi. Lakini nilimtazama usoni, na mtu yule alikuwa anaumia kuliko mimi. Akasema atawauliza wenzake baada ya swala ya alasiri.

Walikaa barazani, nami na Bi Rukia tukakaa ng'ambo ya njia, tukisikia nusu nusu. Mmoja alisema mbu watajaa. Mwingine alisema mwanawe aliwahi kubebwa na Mwalimu mgongoni hadi zahanati wakati wa mafuriko. Mzee mmoja akasema hilo ni deni la huyo mwenye mwana, si la msikiti. Nilimchukia mzee yule, ingawa alikuwa na haki. Kisha huyohuyo ndiye aliyetoa njia. Akasema wakfu hautolewi bure, ila unaweza kubadilishwa kwa kitu kinachofanya kazi ileile. Watoto wa perege nao wanakula viluwiluwi. Wakikua wakubwa watatolewa na kutiwa wadogo.

Nani awavue? Nikasema mimi. Awali nilipitisha wavu mle nikapata perege tu, nikawalaani; sasa nikawavua kama dhahabu. Bwana Shee aliwatia perege birikani, akawatoa wale waliokuwamo kwa kitambaa cha chandarua, akaniletea nje kwenye bakuli jeupe la wali. Madume mawili, na majike manne ya rangi ya udongo, mabaya ya kutazama, na sijawahi kuona kitu kizuri zaidi.

Kabla hajanikabidhi akashika bakuli kidogo. "Ukoo huu utakuwa wa msikiti bado," akasema. "Hawa kwenu ni amana. Mwambie Mwalimu na awarudishe wana wao mvua zikirudi. Tutawatafutia dimbwi lao lisilo na perege, na birika itapata haki yake."

Nikasema nitamwambia.

Kurudi

Nilioga kwenye birika ya Bi Rukia asubuhi ya kuondoka, nikiwa nimefumba macho. Alisimama nje ya mlango akiniuliza kama mdudu amenisalimu. Alinipa na madume yake mazuri mawili, mkate wa kumimina, na leso ya kufunikia sanduku.

Baharini nilikuwa na hofu moja tu, maji ya chumvi. Yakiingia kwa wingi, kwaheri. Niliwaeleza abiria, na jinsi watu wale walivyo, wanaume wawili wakakaa upande wa upepo wakapigwa na mawimbi badala ya sanduku, na bibi mmoja akalipakata hadi Amu huku akiliambia taratibu, taratibu. Njiani aliniuliza tunawapika vipi. Nilipomwambia hawaliwi alinisikitikia, mwanamke mzima kusafiri mbali hivyo kwa kitoweo kisicholiwa.

Kwenye kizuizi cha kwanza baada ya Mokowe, askari kijana, nadhani wa bara kama mimi, aliniambia nifungue. Akachungulia.

"Mathe, hii ni nini sasa?"

"Samaki wa msikiti," nikajibu, kwa sababu ndio ukweli.

Akatazama samaki, akatazama rozari shingoni mwangu, akatazama samaki tena. Akaita mwenzake. Nikaanza kueleza wakfu, na perege, na mguu, na trekta, basi zima linaningoja juani na dereva anapiga honi. Mwisho askari alifunga kifuniko mwenyewe, polepole, akaniambia niende kabla hajaumwa kichwa. Huko ndiko kukamatwa kwangu mlikokusikia.

Changamwe

Nilidhani nitamkuta kwenye kiti chake. Nilimkuta mlangoni, amesimama kwa magongo, jasho linamtoka, Mghoi nyuma yake amenyoosha mikono kama anayedaka mtungi. Alikuwa ameshaandaa tangi, maji ameyatuliza kwenye mapipa tangu nilipompigia simu kwenye ukuta wa shule. Samaki wote walikuwa hai. Jike moja lilikuwa limechoka, limelala ubavu, na tulikaa kuliangalia wote watatu hadi likainuka. Hapo ndipo nilipovua viatu.

Nilimpa ujumbe wa Bwana Shee kama ulivyo, sikuongeza wala kupunguza. Nilijua atafurahi. Badala yake akavuta kiti karibu na tangi. Baadaye akaniambia kwamba miaka yote amekuwa akisema samaki wangu, samaki wangu, na kumbe walikuwa wa watu. Kisha akaomba ugali. Alikula, akaongeza.

Majike yametaga. Mayai yamo kwenye vumbi la makumbi ndani ya mifuko, juu ya rafu ya nyuzi zangu, na nimekatazwa kuigusa. Bwana Shee anapiga simu kila baada ya Ijumaa kuuliza hali ya amana, na wale wawili huongea hadi salio linakwisha.

Nilipendekeza tuipeleke mifuko kwa basi, Bwana Athmani aipokee Mokowe. Baba Mghoi alinitazama kama nimetukana. Alisema mali ya msikiti hairushwi juu ya basi kama furushi la mitumba, ataipeleka kwa mkono wake, na pikipiki ya Mtangawanda haipandwi na mtu wa magongo. Tangu siku hiyo anaamka kabla yangu. Leo asubuhi ametembea hadi duka la kona na kurudi, gongo moja tu, akanuna kwa sababu sikuwa dirishani kumwona. Nilikuwa dirishani. Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia, nikilia.